Monseigneur Anakunywa Maji

Likasi, Kikula, tarehe 12 Januari 2025

Mjomba Évariste,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Mama hadi yule jogoo mmoja aliyenusurika Noeli. Sisi wazima. Mdogo wangu Cathy amepata kazi kwenye duka la dawa. Binti yake Jenny, anayekaribia miaka miwili, amejifunza kutembea, kusema hapana, na kukojoa anapopenda. Mahali anapopenda zaidi ni benchi la nyuma la gari. Kila tukirudi kanisani tunakuta zulia la chini limelowa. Mama anasema mtoto ni baraka. Anayeosha zulia ni mimi. Mama anakusalimia sana.

Sasa sababu ya kukuandikia. Unajua tangu Baba afariki nyumba hii inakula kwa mgongo wa Monseigneur. Siku za kazi ninabeba unga kutoka kinu kwenda sokoni, Jumapili ninabeba kwaya ya Mama. Unakumbuka Baba aliliita basi lile kwa cheo cha askofu kwa sababu ya rangi ya zambarau, na kwa sababu alisema linakula vizuri, linatembea polepole na halipendi kuulizwa maswali.

Basi, Monseigneur anakunywa maji. Asubuhi ninajaza maji kwenye radiateur, ile rejeta ya kupoza injini, jioni nakuta yameshuka. Chini ya injini hakuna tone. Njia ikiwa tambarare anavumilia, lakini nikikutana na mlima mrefu mshale wa joto unapanda hadi kwenye rangi nyekundu na inanibidi nisimame kando kama mtu aliyetubu. Fundi wa hapa Kikula amebadilisha kifuniko cha radiateur, ameichomelea radiateur yenyewe, kisha ameng'oa thermostat na kuitupa, akaniambia, "Hii kintu ni ya bantu ba baridi, huku haina kazi." Maji bado yanapotea.

Yaya Georges, kaka yetu mkubwa, amepiga simu kutoka Lubumbashi. Amempata mtu anayenunua magari ya zamani na kuyauza vipandevipande. Familia itakaa kikao Jumatatu ya Pasaka, na wewe kama mjomba wetu lazima uwepo. Sharti lake ni hili: kama Monseigneur anaweza kuja kukuchukua Mwadingusha na kukufikisha Likasi bila kuchemka, anabaki kwangu. Akishindwa, anakatwa. Nami nitajifunza kuuza nyanya.

Wewe ulizuia maji ya bwawa zima maisha yako yote ya kazi. Nisaidie na haya ya ndoo moja. Simu najua huitaki, na ili mtandao ukupate lazima upande kilima, kwa hiyo barua anakuletea Steve, motard wa samaki mwenye pikipiki.

Mwipwa wako,
Danielle

*

Mwadingusha, 29 Januari 2025

Mwipwa wangu Danielle,

Barua yako imefika ikinuka samaki, ingawa ilitoka kwenu na samaki wanatoka kwetu. Steve haoshi mkoba wake. Mimi mzima. Mvua ni nyingi, ziwa limejaa, goti la kulia linaniuma. Nisalimie Cathy na umpongeze kwa kazi. Nisalimie Jenny. Nisalimie hata jogoo, na umwambie Pasaka inakuja.

Tuingie kwenye injini. Mimi nimefanya kazi na mabomba ambayo mtu anatembea ndani yake akiwa wima, na yamenifundisha kitu kimoja: maji hayapotei, yanahama. Ama yanatoka nje ukayaona, ama yanaingia ndani ya injini ukayanusa, ama yanakwenda mahali ambapo hujatazama. Huyo fundi wako anauza dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa. Thermostat ni mlango unaojua saa ya kufunguka. Ukiung'oa hujaponya mtu, umebaki na nyumba isiyo na mlango. Mwambie airudishe kama hajaiuza.

Fanya hivi, kwa utaratibu, na usiruke kitu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko. Ukifungua ikiwa moto utapata uso wa nyanya iliyochomwa kabla hujaanza kuziuza. Jaza maji, washa injini, utazame: je, yanatoa mapovu bila kukoma? Je, kuna mafuta yanaelea juu ya maji? Kisha zima, chomoa kijiti cha oili, na fungua kifuniko cha oili: je, kuna kitu cheupe kizito kama mayonnaise? Injini ikishapata moto, moshi wa nyuma ni mweupe usiokwisha? Jioni tandika makatoni makavu chini ya injini, uyasome asubuhi. Pitisha mkono kwenye mipira yote ya maji, hasa pale vibano vinapokaza. Chini ya pompe ya maji kuna tundu dogo. Kama inavuja utaona machozi ya kutu yaliyokauka.

Nijibu kila moja. Usinipambie maneno.

Kuhusu Pasaka, goti langu haliwezi safari. Kaeni bila mimi.

Mjomba wako,
Évariste

*

Likasi, 16 Februari 2025

Mjomba,

Salamu. Steve alisema njia ilikatika kwa mvua, ndiyo maana nimechelewa kupata barua yako. Alisema pia alikuona juu ya paa la nyumba yako ukipiga misumari. Nimemwambia lazima ni mtu mwingine, kwa sababu mjomba wangu ana goti.

Nyumbani kuna vita. Jenny anaendelea na benchi lake. Mama amemshonea nepi ya tabaka tatu na juu yake amefunga plastiki, mtoto anatembea kama askari mnene, na bado zulia linalowa. Cathy amenuna, anasema tunamsingizia mwanawe. Mama amemjibu, "Sasa ni malaika banakojoa?" Kwa upande mwingine kwaya imepamba moto. Wakiimba njiani, vioo vya nyuma vinajaa ukungu hata huoni nje. Vya mbele vinabaki safi. Mama anasema ni ushahidi kwamba sehemu ya nyuma wanaomba kwa moto na mimi mbele naendesha kwa baridi ya moyo. Rolly, yule anayeimba sauti nene na kukaa benchi la nyuma, anasema kweli kule nyuma anasikia joto likimpanda miguuni. Mama amefurahi sana kusikia hivyo. Anamtaka awe mkwe. Mimi bado natazama. Mama anakusalimia.

Majibu yako haya hapa, nimeyanakili kutoka kaye yangu, daftari la kila siku, nikaruka mambo yasiyokuhusu. Mapovu: hakuna. Kijiti cha oili: oili ni nyeusi na safi, hakuna cheupe. Moshi: kawaida. Makatoni: makavu kama hostia. Mipira: ya zamani lakini haitoi maji. Pompe: haina machozi. Thermostat imerudi; fundi alikuwa ameifanya kizuizi cha mlango wa karakana.

Sasa maji yanakwenda wapi?

Danielle

*

Mwadingusha, 27 Februari 2025

Danielle,

Salamu kwako, kwa Cathy, kwa askari mnene. Mtu wa juu ya paa alikuwa jirani. Tunafanana.

Nilikuuliza maswali saba. Umejibu sita. Hujasema kama kuna mafuta juu ya maji ya radiateur. Mtu anayeandika kaye kila siku haruki swali kwa bahati mbaya. Sitaandika neno jingine juu ya injini mpaka nipate jibu hilo.

Évariste

*

Likasi, 9 Machi 2025

Mjomba,

Tunakusalimu wote. Mama pia.

Ndiyo. Mafuta yapo. Yanaelea juu ya maji kama macho ya manjano kwenye mchuzi wa kuku.

Hiyo ina maana gani?

Danielle

*

Mwadingusha, 20 Machi 2025

Mwipwa wangu,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu sikupenda jibu.

Mafuta yakiingia kwenye maji maana yake joint ya culasse imekufa. Ni lile bati jembamba lililobanwa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, linalozuia oili, maji na moto visikutane. Likiungua, vinakutana, na nyumba inaharibika. Kulibadilisha ni kufungua injini yote, kupeleka kichwa kikanyooshwe, na kwa umri wa Monseigneur huenda ukafungua mlango ukakosa wa kuufunga.

Alama nyingine hazikubaliani na hii, na hilo linanikera. Moshi hakuna, mapovu hakuna, oili safi. Lakini mafuta ni mafuta. Sina jinsi ya kuyaeleza.

Nakuambia kama ningemwambia mtoto wangu: mwache Georges amuuze angali mzima, usisubiri afie njiani. Baba yako alilipenda gari hilo kuliko alivyopenda watu wengi, nami nikiwa mmoja wao. Pole sana.

Nisalimie Cathy na Jenny.

Évariste

*

Likasi, 27 Machi 2025

Mjomba,

Salamu zitakuja mwishoni. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa ndani ya Monseigneur, nikalia kidogo, nikajipangusa, nikaamua kukuambia kitu nilichokuwa nimeapa kutokuambia. Ukicheka, cheka huko huko ziwani, samaki wakusikie peke yao.

Mwaka mpya kanisani kwa Mama kulikuwa na ibada ya kubariki vyombo vya kazi. Watu walileta cherehani, pikipiki, mizani za soko, vijana wa machimbo walileta sululu. Mimi nilipeleka Monseigneur. Mchungaji alipaka mafuta ya upako juu ya boneti, tone moja, akapita. Mama hakuridhika. Akaniambia tukiwa uwanjani, "Danielle, ugonjwa iko ndani, yeye anapakala inje. Hii ni kazi ya nusu." Nilidhani anasema tu. Kesho yake nilimkuta amefungua kifuniko cha radiateur, ameshika chupa yake ya mafuta kutoka ibada ya mwaka jana, anamimina huku akikemea. Nusu chupa, Mjomba. Nilipiga kelele. Akanijibu, "Nyamaza, gari ya bantu ba Mungu haishindwaka na mulima."

Mafuta yale ni ya Mama. Sikutaka kukuambia kwa sababu najua ungemcheka hadi Pasaka ya mwaka kesho, na kati yenu ninyi wawili kuna ugomvi mmoja tayari, tangu mazishi ya Baba, ambao haujaisha. Lakini sasa mafuta ya Mama yanataka kumuua Monseigneur kwa kalamu yako, nami siwezi kunyamaza.

Je, hukumu inabaki ile ile? Georges ameshathibitisha. Mnunuzi wake anakuja naye Jumatatu ya Pasaka, na lori la kuvuta.

Nyumbani: Jenny ana homa, Jumapili alibaki kitandani na Cathy. Tulirudi kanisani tukakuta zulia la nyuma limelowa kuliko siku zote. Kila mtu alimtazama Rolly, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekalia benchi lile. Mama alimuuliza, kwa upole wa kutisha:

"Rolly, mwanangu, uko na shida ya kibofu?"

"Miye? Mama Mado! Niko muntu mukubwa!"

"Ata bakubwa banagonjwaka. Tutakuombea."

"Haiko miye! Danielle, bambie!"

Nami nikainama kukamua zulia. Kwaya nzima imeanza kumwombea kwa jina. Amesema Jumapili ijayo atakuja kwa miguu, na kuhusu uchumba nadhani nao unakuja kwa miguu.

Hizo ndizo habari. Nakusalimu. Mama anakusalimia, kama kila barua, na wewe unajua hilo.

Danielle

*

Mwadingusha, 3 Aprili 2025

Mwipwa wangu Danielle,

Nimecheka. Niliahidi moyoni sitacheka, nikacheka hadi jirani akaja kuuliza kama nimepata habari za kifo. Nusu chupa! Watu wanapaka paji la uso, yeye anapaka hadi figo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu mimi nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza. Uliniandikia macho ya manjano. Oili ya injini ile ni nyeusi, ulinipa habari hiyo mwenyewe. Mafuta yanayotoka kwenye joint iliyoungua hayawezi kuwa ya manjano kama ya saladi. Nilisoma neno mafuta, nikaacha kusoma rangi. Joint ni nzima. Futa hukumu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Barua zako nazisoma kama kila mtu anavyosoma barua: naruka habari za nyumbani, nakimbilia jambo lenyewe. Jana usingizi haukuja, nikazipanga zote mezani nikazisoma tangu mwanzo, salamu na vyote. Mwipwa wangu, uvujaji wote uko kwenye salamu. Januari unaniandikia zulia la nyuma limelowa. Februari mtoto amefungwa plastiki na bado zulia linalowa, vioo vya nyuma vina ukungu na vya mbele havina, na Rolly anasikia joto miguuni. Machi mtoto yuko kitandani na zulia limelowa kuliko siku zote. Ninyi mnamtafuta nani amekojoa. Aliyekojoa ni Monseigneur.

Gari hilo lilizaliwa Japani, kunakoanguka theluji. Wajapani waliweka chini ya benchi la nyuma chauffage ya pili, kisanduku kidogo kama radiateur ya mtoto, chenye maji ya moto ya injini ndani yake, ili kuwapasha miguu abiria. Baba yako alikaa na gari hilo miaka yote bila kujua kwamba kisanduku hicho kipo, kwa sababu nani Likasi amewahi kuomba joto zaidi? Sisi tunafungua madirisha. Fundi wako hajui, Georges hajui, nami nilisahau. Mabomba mawili yanapita chini ya sakafu kutoka injini hadi kwenye kisanduku hicho. Kimeoza. Maji yanatoka ndani ya gari, si chini yake, yanalowesha zulia, mengine yanakuwa mvuke na kukaa kwenye vioo. Uliweka makatoni chini ya injini kwa sababu mimi nilikuambia chini ya injini. Nilikupeleka kupekua chumba kisicho na mwizi.

Fanya hivi. Ng'oa benchi la nyuma. Utaona kisanduku chenye matundu kama ya kiti cha kuungamia. Kiguse chini, kitakuwa na maji na kutu. Usijaribu kukiponya, hakuna anayekihitaji. Rudi mbele, chini ya gari, pale mabomba yale mawili yanapotoka kwenye injini. Yakate hapo, na uunganishe mawili hayo kwa mpira mmoja mzuri wa maji ya moto, uliokunjwa kama herufi U, na vibano viwili vipya. Maji yatageuka njiani yasifike nyuma tena. Mpira usiguse bomba la moshi.

Halafu mwaga maji yote ya radiateur. Weka maji safi na sabuni kidogo ya vyombo, washa injini ipate moto, izime, ipoe, mwaga. Rudia mpaka macho ya manjano yaishe. Mafuta hayo yanalegeza mipira, kwa hiyo ule uliovimba ubadilishe. Mwambie mama wa kanisa kwamba injini imebatizwa mara moja na haihitaji kipaimara.

Mwombeni Jenny msamaha. Rolly naye.

Évariste

*

Likasi, 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mjomba,

Pokea salamu, na safari hii zisome.

Tulipong'oa benchi, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na Cathy amembeba Jenny. Kisanduku kilikuwepo. Kilikuwa kimekaa kwenye kidimbwi chake, kimefunikwa na kutu, na kwenye matundu kulikuwa na ganda la karanga, kitufe na sarafu ya Zambia. Kisha Cathy akamwinua Jenny juu kama kombe na kusema, "Ombeni musamaha! Mumoja mumoja!" Fundi wa Kikula alikuja kutazama, akazunguka kisanduku mara mbili, akasema, "Bantu ba Japani, kabisa, banapashaka matako?" Yeye ndiye aliyeunganisha mpira kwa herufi U, na kazi yake safari hii ni nzuri, nasema kwa haki.

Tumeosha mara nne ndipo macho yakaisha. Mama alibaki ndani ya nyumba wakati wa kuosha. Kupitia dirishani alituambia kwamba tunachofanya ni kati yetu sisi na Mungu.

Jana nilipakia magunia ya unga, nikaenda Buluo na kurudi, nikatafuta kila mlima niliowahi kusimama kando yake. Mshale ulikaa katikati kama mtu aliyesinzia misani. Leo asubuhi nimefungua kifuniko injini ikiwa baridi. Maji yako pale pale nilipoyaacha. Vioo vya nyuma safi. Kwaya imeimba kwa nguvu zile zile na hakuna ukungu, jambo lililowahuzunisha baadhi yao. Rolly amerudi kwenye benchi. Anasema miguu inapata baridi.

Kwa hiyo Jumamosi, mkesha wa Pasaka, nakuja kukuchukua. Na Mama anakuja pamoja nami.

Usitaje goti. Mimi nilikuwepo siku ya mazishi ya Baba. Nilimwona Mama akigeuza spika ya kwaya imwelekee katekista wenu wa Kikatoliki hadi sala yake ikafunikwa, na nilikuona wewe ukienda nyuma ya nyumba ambako jenereta ilikuwa inanguruma, na jenereta ikanyamaza. Imenyamaza hadi leo. Fundi alisema inakosa bougie tu, ile plagi ya cheche, kitu unachonunua soko lolote. Mama amekataa inunuliwe. Anasema aliyeichukua ataileta. Kwaya inaimba bila umeme mwaka wa pili sasa, na katika kila barua yako nimetafuta salamu ya Mama, sijaiona.

Usipokuja, Georges atasema gari halikufanya safari, na atakuwa na haki. Kwa hiyo siulizi. Usijibu barua hii. Ukitaka kukataa, utakataa ukiwa umesimama mlangoni kwako, mbele yetu wote wawili.

Danielle

*

Mwadingusha, 27 Aprili 2025

Mwipwa wangu Danielle,

Nisalimie yaya, dada yangu mkubwa Mado. Nimeanza naye makusudi ili usiseme umeikosa. Kisha nisalimie Cathy, Jenny mwenye haki, na Rolly mwenye miguu baridi. Jogoo nilimla mwenyewe Jumatatu mezani kwenu, Mungu amrehemu.

Steve alinirudisha salama kwa pikipiki yake, na goti halikulalamika, kwa hiyo tusilizungumzie.

Uso wa Georges alipofungua kifuniko mbele ya yule mnunuzi na kukuta maji yamefika mdomoni nitakuwa nao hadi siku ya kufa. Mnunuzi naye alikuwa mtu mzuri; alisema anashukuru kupumzika, akaomba sahani ya pili ya bukari, ugali wa mama yako, na lori lake likarudi Lubumbashi limebeba magunia yako ya unga. Monseigneur ni wako. Nilisema hivyo kikaoni na nasema tena hapa kwa maandishi, ili Georges asije akasahau.

Sasa, uliponifungulia mlango pale Likasi uliniuliza mimi na mama yako tulisema nini huko nyuma njia nzima, kwa sababu ulikuwa unaendesha na hukusikia. Nilikujibu ni mambo ya watu wazima. Haikuwa kweli. Hayakuwa ya watu wazima hata kidogo.

Mlima wa kwanza mama yako alishika benchi kwa mikono miwili. Wa pili alisema, "Ulimuandikia mutoto kama mafuta yangu ni ya saladi."

Nikamwambia, "Niliandika ni ya manjano kama ya saladi."

"Ni kitu kimoja. Na gari imefika."

"Imefika kwa sababu tumeyatoa, yaya."

Akatazama nje. Halafu akasema, "Évariste, kama sikumwanga ile mafuta, Danielle angekuandikia barua ngapi? Mbili. Ungemwambia chauffage, ingeisha. Weye ungebakia kule na goti yako ya uongo. Sasa sema, ni nini ilikutoa mu ile nyumba?"

Nilitafuta jibu tangu pale hadi tulipoanza kuona miti ya Likasi. Nilitafuta kwa utaratibu, kama ninavyotafuta uvujaji. Mwipwa wangu, sijalipata mpaka sasa, na ninakukataza kumwambia.

Mafuta ya chupa ndogo aliyoniachia, eti nipake goti, nimeyatia kwenye bawaba za mlango wangu. Zilikuwa zinalia tangu mwaka wa mazishi. Zimenyamaza. Hilo pia usimwambie.

Ndani ya bahasha hii, chini ya barua, kuna kitu kizito kidogo nilichokifunga kwa kitambaa. Nimekisafisha kwa brashi ya waya na kupima nafasi ya cheche, iko sawa. Mpe mama yako mkononi, usimpe maneno. Aifunge kwanza kwenye jenereta kwa vidole mpaka ikae, ndipo akaze kwa spana, bila hasira. Na kwaya ikiwasha spika, mwambie yaya aielekeze upande wa Lubumbashi, kwa Georges.

Mjomba wako,
Évariste